Kompani yako ndogo na mwili wa mtu wa kazi



Simama asubuhi mbele ya lango la mgodi, iwe Kolwezi, Likasi ao Fungurume. Tazama watu wanaoshuka kwenye mabasi. Kofia zao ni za rangi nyingi. Rangi moja ni ya shirika lenyewe, rangi zingine ni za makompani madogo na makubwa yanayofanya kazi kwa ajili ya shirika: kulehemu, kutengeneza pampu, kupika chakula, kuendesha magari, kusafisha matangi, kujenga, kulinda. Kazi ya namna hiyo, ile ya kukatiwa sehemu na shirika kubwa, ndiyo tunaita sutretansi.

Wengi kati yenu mnataka kuingia humo. Mmoja amefikia pensheni, mkono wake ungali na nguvu. Mwingine mkataba wake umekwisha. Mama mmoja anajua kushona salopeti kupita duka lolote la mjini, naye anajiuliza sababu gani asiuzie shirika. Ni mawazo mazuri. Na tangu sheria namba 17/001 ya 8 Februari 2017, kazi za sutretansi katika inchi yetu zimewekwa kwa ajili ya makompani yenye kapitali ya Wakongomani, yanayoongozwa na Wakongomani. Mlango uko wazi.

Lakini utauliza: sababu gani jambo la kufungua kompani linaandikwa kwenye ukurasa wa usalama na afya? Si mambo ya avoka na ya banki? Sikiliza. Siku ile unapoandika mtu wa kwanza kazini, wewe si mfanyakazi tena anayengoja chefu amletee kaske na maski. Chefu ni wewe. Mapafu ya yule mtu, macho yake, mikono yake, na chakula cha watoto wake, vyote vimeingia katika hesabu yako. Watu wengi wanajifunza makaratasi ya feza kwanza, na makaratasi ya mwili wanayaacha kwa kesho. Hiyo kesho, mara nyingi, inafika na ambilansi.

«Madaraka yenye mpaka» maana yake nini?

Zamani, makompani ya Kongo yalifuata dekreti ya 1887, na kompani ndogo ilijulikana kwa jina la SPRL. Tangu 12 Septemba 2012 inchi yetu imeingia katika sheria za OHADA, ambazo ni sheria za biashara zinazofuatwa na inchi nyingi za Afrika pamoja. Kompani ndogo ya leo inaitwa SARL: kompani yenye madaraka yenye mpaka. Unaweza kuifungua pamoja na wenzako, ao wewe peke yako.

Maana ya mpaka ni hii. Mbele ya sheria, kompani ni mtu mwingine. Ina jina lake, anwani yake, feza zake na deni zake. Ikiwa umetia ndani feza fulani, na kazi ikaharibika, wenye kudai wanakamata mali ya kompani. Kitanda chako, cherehani ya bibi yako, kiwanja ulichonunua kwa feza ya pensheni, hivyo havimo. Hasara yako inaishia kwenye ile feza uliyotia.

Jambo hili si dogo. Wakumbuke wale watumishi zaidi ya 10,000 waliotoka Gécamines kwa hiari yao mwaka wa 2003 na 2004, kila mmoja na feza yake mkononi kwa mara moja. Mwenye kufanya biashara kwa jina lake mwenyewe, deni ya biashara ni deni ya nyumba. Ukuta kati ya vile viwili ni kitu cha kutafuta.

Lakini ukuta huo una matundu, na inafaa uyajue kabla ya kujificha nyuma yake. Tundu la kwanza ni banki: ikikukopesha, itataka wewe mwenyewe utie sahihi kama mdhamini, na hapo nyumba imerudi ndani. Tundu la pili ni msimamizi anayechanganya feza ya kompani na feza ya sokoni, ao anayeficha hesabu. Hakimu anaweza kumwambia alipe kwa mfuko wake. Kwa hiyo weka madaftari mawili, konti mbili za banki, na mshahara wako mwenyewe uandikwe kama wa mtu mwingine yeyote.

Tundu la tatu ndilo la ukurasa huu. Kodi ya makosa ya Kongo inasema kwamba mtu aliyesababisha kifo ao jeraha bila kutaka, kwa kukosa kuona mbele ao kwa kukosa kujiangalisha, ana kosa. Haiangalii kama una SARL. Mtu wako akianguka kutoka juu kwa sababu hukumpa mkanda wa kujifunga, hakuna kapitali inayosimama kati yako na mahakama. Mpaka wa madaraka ni mpaka wa deni tu.

Hatua za kwanza

Tuchukue mfano. Tuseme fundi wa kulehemu, sudere kama tunavyosema, ametumika miaka mingi katika kiwanda cha shaba ambamo asidi inatumika. Anajua kazi yake. Anataka kufungua SARL na rafiki mmoja fundi wa pampu, na kuomba kazi ya kutengeneza katika kiwanda kama kile.

Wanaanza na kanuni za kompani, yaani statuti. Humo wanaandika jina, anwani, kapitali, sehemu ya kila mmoja, nani atakuwa msimamizi, na kompani itafanya kazi gani. Kwa SARL katika inchi yetu, wenye kompani wanapanga wenyewe kiasi cha kapitali, kulingana na kazi wanayotaka kufanya. Basi wengine wanaandika kapitali ndogo kabisa, ili wamalize upesi. Tutarudia jambo hilo, maana lina madhara ambayo hawayaoni.

Angalia sana sehemu inayosema kompani itafanya kazi gani. Kuna watu wanaokuambia: «Andika kila kitu, usijifunge!» Na unaona kompani ya watu wanne iliyoandika kulehemu, kujenga, usafiri, umeme, kusafisha matangi, chakula, ulinzi na kuchimba. Siku moja shirika linaita: kuna tangi la kusafisha, mnaweza? Makaratasi yanasema ndiyo. Lakini nani katika wale wanne amewahi kupima hewa ya tangi? Maoni yetu ni haya: andika kazi unayoijua na zile zilizo karibu nayo. Ukijifunza kazi nyingine, statuti inaweza kubadilishwa.

Anwani nayo iwe ya kweli. Ni pale barua ya inspekta wa kazi itafika, na ni pale mjane atakuja kuuliza.

Kisha wanakwenda kwenye Dirisha Moja la kufungua makompani, GUCE, lililoundwa na dekreti ya 2012. Zamani mtu alizunguka ofisi kwa ofisi, siku kwa siku, na kila mlango ulikuwa na mtu wake wa kuomba «kahawa». Siku hizi faili moja inaingia pale, na mnatafuta kutoka na namba ya daftari ya biashara (RCCM), namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya kodi, na kujulishwa kwa ofisi zinazohusu wafanyakazi, kama vile CNSS, INPP na ONEM. Lipa ile bei iliyobandikwa, na udai risiti.

Kwa sutretansi kuna mlango mmoja zaidi: ARSP, ofisi ya serkali iliyoundwa mwaka wa 2018 kwa kuangalia sheria ya 2017. Inafaa kompani iandikwe pale pia, la sivyo shirika kubwa halina ruhusa ya kukupa kazi hizo.

Neno moja kwa akina mama. Wengine bado wanaambiwa kwamba mama aliyeolewa hawezi kufungua kompani bila barua ya bwana. Hiyo ilikuwa katika Kodi ya Familia ya 1987. Sheria ya 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Sasa sheria inataka bibi na bwana wapatane, bwana kwa bibi na bibi kwa bwana, sawasawa. Kwa hiyo bwana ambaye anataka kutia feza ya nyumba katika SARL, yeye pia azungumze na mama kwanza!

Namba ya kompani si namba ya mtu

Hapa tunafika kwenye kitu kinachodanganya watu wengi, hata wenye elimu.

Fundi wetu ametoka na karatasi yenye namba ya CNSS. Anaitia katika faili, anaionyesha shirika kubwa, shirika linafurahi. Anafikiri: «Watu wangu wamekingwa.» Hapana. Ile namba ni ya kompani kama mwenye kutoa kazi. Inasema tu kwamba mlango upo. Kila mfanyakazi inafaa aandikwe kwa jina lake, apate namba yake, na kila mwezi kompani itangaze mshahara wake na kulipa. Kama ana watu kumi na ametangaza watatu, basi wale saba, mbele ya CNSS, hawako. Wanapanda basi kila asubuhi, wanalehemu, wanakula mavumbi, lakini hawako.

Tupige hesabu, maana watu wanaogopa kitu wasichokipima. Mwenye kutoa kazi analipa asilimia 13 ya mshahara: 5 kwa pensheni, 6.5 kwa malipo ya jamaa, na 1.5 kwa hatari za kazi. Mfanyakazi anakatwa 5 kwa pensheni. Kwa mshahara wa franga 500,000, kompani inalipa 65,000 na mfanyakazi anakatwa 25,000. Na ile sehemu inayohusu ajali na magonjwa ya kazi ni franga 7,500 kwa mwezi. Soma tena: elfu saba na mia tano.

Kwa feza hiyo mtu anapata nini? Akiumia kazini, anapata matunzo na malipo ya siku asizoweza kutumika. Akipoteza mkono ao jicho, anapata malipo ya kilema. Akifa, kuna malipo ya maziko, na mjane na yatima wanapata pensheni. Usipoilipa, mambo haya hayapotei, yanakugeukia wewe. Familia itakwenda mahakamani, na kompani itajibu kwa mali yake yote. SARL nyingi ndogo hazina mali ya kujibu mjane mmoja. Kompani inakufa, mjane anabaki bila kitu, na watu wengine tisa wanakosa kazi. Yote hayo kwa sababu ya kutolipa feza ambayo haikufika hata bei ya viatu.

Utasikia pia werevu mwingine: «Hawa si wafanyakazi, ni watu wa siku tu.» Kodi ya kazi ya 16 Oktoba 2002 imeona werevu huo mbele yako. Mtu wa siku akiisha kutumika siku 22 katika muda wa miezi miwili, ukimchukua tena kabla ya miezi hiyo kwisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa muda usio na mwisho. Ni mfanyakazi wako, upende usipende. Afadhali mwandikie karatasi tangu mwanzo.

Na wewe msomaji ambaye hutafungua kompani yoyote, wewe unayetumika tu kwa sutretansi: uliza namba yako. Usiulize «Kompani iko CNSS?» Uliza «Namba yangu mimi ni ngapi?» Kisha uende ofisi ya CNSS wewe mwenyewe, ao umtume mama, muone kama malipo yanaingia. Namba hiyo iandikwe pia nyumbani, pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ndoa isiyoandikwa kwa serkali na mtoto asiye na cheti vinaleta taabu kubwa siku ya kudai.

Daktari kabla ya nyundo

Kodi ya kazi inataka cheti cha daktari kinachosema mtu anafaa kwa kazi ile. Wengine wanakinunua kama tiketi ya basi. Ni hasara ya mara mbili.

Fikiria mtu uliyemchukua leo kwa kazi ya mavumbi ya mawe. Mavumbi hayo yana silika, na silika inaleta silikozi, ugonjwa wa mapafu usio na dawa ya kuuponya. Kwa kawaida unakuja polepole, baada ya miaka mingi. Kama hukupiga radio ya kifua chake siku ya kuingia, utajuaje kama mapafu aliyonayo mwaka wa tano ameyaharibia kwako ao ameyaleta kutoka kazi ya kwanza? Radio ya kwanza inamlinda yeye, inakulinda wewe pia. Vivyo hivyo kupimwa masikio kwa mtu wa mashine za makelele, na macho kwa dereva. Mtu mwenye kizunguzungu asipelekwe juu ya ngazi.

Tena, sheria hiyo inasema mwenye kutoa kazi anatoa matunzo ya daktari kwa mfanyakazi na jamaa yake: ugonjwa, ajali, mimba, kuzaa, hata ikiwa jambo limetokea nje ya kazi. Kompani ya watu kumi haiwezi kujenga hospitali, ni kweli. Lakini inaweza kufanya mkataba na kituo cha afya kilicho karibu na kompani, na kuweka feza yake kila mwezi. Fanya mkataba huo kabla ya mtu wa kwanza kuugua, na uwape watu karatasi inayosema waende wapi. Mama asikimbie usiku na mtoto mwenye homa, hajui mlango gani utafunguka.

Bei ya chini inakatwa wapi?

Sasa fundi wetu anaandika devi. Anajua makompani mengine matano yanaandika devi ileile. Kishawishi ni kukata. Bei ya chuma haikatiki, ni ya soko. Bei ya gesi haikatiki. Mshahara unakatika kidogo, watu watanung'unika. Kitu kimoja tu kinakatika bila mtu kunung'unika siku hiyo: kaske, viatu, maski, mkanda, muda wa kufundisha watu. Ndipo panapokatwa.

Kwa hiyo vyombo vya kujikinga viwe na mstari wao katika devi, pamoja na bei yao, mbele ya macho ya shirika. Shirika lenye akili litauliza maswali kwa yule ambaye hana mstari huo. Na vyombo viwe vya kweli. Kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii mavumbi madogo ya silika. Yale yanayoonekana yanabaki kwenye kitambaa, yale yanayoua yanapita. Nunua maski zenye alama FFP2 ao kupita hapo, na uzibadilishe. Mkanda wa kujifunga uliokwisha kushika mtu mmoja akianguka, hautumiwi tena, hata kama unaonekana mzima. Kwa kiwanda cha asidi, miwani inayofunga pande zote, glavu na nguo zinazostahimili asidi, na maji ya kuosha macho karibu, si mita mia.

Tuseme kazi ya kwanza ni kulehemu ndani ya tangi. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikishuka chini ya 19.5, mtu asiingie. Tangi lililofungwa siku nyingi linaweza kuwa na oksijeni kidogo kwa sababu kutu imeikula, na asidi ikigusa chuma inatoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja. Macho hayaoni, pua haisikii. Kipimo cha gesi ndicho kinajua. Kama kompani haina kipimo, ikodi ao iombe shirika, na iandikwe katika mkataba nani anapima, saa ngapi, na nani anatia sahihi kwenye ruhusa ya kazi. Mtu mmoja akae nje, asifanye kitu kingine ila kuangalia. Na huyo wa nje asiingie kuokoa bila chombo cha kupumua! Mara nyingi katika ajali za matangi, maiti ya pili ni ya yule aliyeruka ndani kumvuta ndugu yake.

Kuna kukata kwa namna nyingine: kuuza kazi. Kompani inapata mkataba, inachukua sehemu yake, inampa mwingine, huyo naye anampa mwingine. Kila mkono unachukua kitu. Mkono wa mwisho, ule unaoshika nyundo, unapata feza isiyotosha hata viatu. Sheria ya 2017 imekataza kutoa kwa sutretansi kupita asilimia 40 ya bei ya mkataba. Ukiwa wewe ndiye wa mwisho katika mstari, uliza shirika limelipa bei gani kule juu, kisha pima kama kiasi kilichobaki kinaweza kuvalisha watu wako. Kama hakiwezi, acha kazi hiyo. Ni neno gumu kumwambia mtu mwenye njaa ya mkataba wa kwanza, tunajua.

Na sasa turudie kapitali. Shirika kubwa halilipi siku ya kumaliza kazi. Fakturi inazunguka ofisini mwezi mmoja, miwili, mara nyingine mitatu. Katika muda huo watu wanataka mshahara, CNSS inataka malipo, maski zinakwisha. Kompani yenye kapitali ya jina tu inaanza kukopa, ao inaanza kusema: «Vumilieni na maski za mwezi uliopita.» Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, hesabu feza ya miezi mitatu: mishahara, malipo ya CNSS, vyombo, kituo cha afya. Kama huna, omba katika mkataba malipo ya kwanza kabla ya kazi kuanza. Wasipotaka, anza na kazi ndogo kupita ile.

Mavumbi yasipande basi

Mama anayefua salopeti nyumbani anapokea kazini sehemu yake bila mshahara. Akizikung'uta uani, watoto wanavuta. Nguo zenye asidi ao mavumbi ya madini zisichanganywe na nguo za mtoto. Hata kompani ndogo inaweza kuweka kabati mbili, moja ya nguo za kazi, moja ya nguo za nyumbani, na bomba la maji, na kulipa mtu afue palepale kazini. Andika na hiyo katika devi. Ikishindikana kwa wiki za kwanza, nguo zifungwe katika mfuko, ziloweshwe maji kabla ya kuguswa, na zifuliwe peke yake.

Siku ya ajali

Tuseme, pamoja na yote, mtu ameumia. Kazi isimame. Mtu apelekwe kwa daktari, na mwenzake mmoja aende naye. Mahali pasiguswe, isipokuwa kwa kuondoa hatari. Shirika kubwa lijulishwe saa ileile, kisha inspekta wa kazi na CNSS, kwa karatasi, bila kungoja kuona kama «atapona tu». Jeraha dogo la jicho siku ya Jumatatu linaweza kuwa upofu Ijumaa, na kama halikuandikwa Jumatatu, nani atasadiki kwamba lilitoka kazini?

Watakuja watu kukushauri mmalizane kimya: feza kidogo kwa familia, gunia la unga, na karatasi inayosema alianguka nyumbani. Msimamizi anayetia sahihi karatasi hiyo amejifunga mwenyewe, kwa maana uongo ulioandikwa ni kosa lingine juu ya lile la kwanza. Na familia inayoipokea imeuza pensheni ya yatima kwa bei ya unga wa mwezi mmoja. Mama, usitie sahihi karatasi usiyosomewa. Ita mtu wa sendika, ao jirani anayejua kusoma, na uweke kopi.

Katika daftari ya ajali andika siku, saa, mahali, kazi iliyokuwa inafanywa, vyombo alivyokuwa amevaa, na majina ya walioona, kila mmoja atie sahihi yake. Kopi moja ibaki kwa kompani, moja iende CNSS, moja kwa inspekta, na moja apewe mwenye kuumia ao mama wa nyumba yake, siku ileile.